Kusisimua ubongo, kutawala hisia na maamuzi ya kubahatisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, umeme au sumaku inaweza kumtuliza mtu? Na mtu aliyetulia, je, huamua vizuri zaidi pale penye hatari ya kupoteza? Haya ndiyo maswali yanayorudiwa kila somo hili linapozungumzwa. Majibu yanaanzia kwenye mambo ya msingi, kwa hiyo anayeyajua tayari aruke hadi sehemu anayoitaka.

## Mambo ya msingi

Kusisimua ubongo ni kufanya nini hasa?

Ni kupeleka umeme au sumaku kwenye sehemu fulani ya ubongo ili seli za neva za hapo zichangamke zaidi, au zipoe, kwa muda. Ukurasa huu unahusu zaidi njia mbili zisizohitaji kupasua kichwa.

Ya kwanza ni mkondo hafifu wa umeme, maarufu kwa kifupi chake tDCS. Elektrodi mbili huwekwa ndani ya sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi na kufungwa kichwani kwa mkanda, kisha mkondo wa miliampia 1 hadi 2 hupita kwa dakika 20 au 30 hivi. Mkondo huu hauziwashi seli. Unazisogeza tu karibu na kuwaka, au mbali zaidi. Kwa kawaida husemwa kwamba upande chanya huamsha na upande hasi hutuliza. Kanuni hiyo ilipatikana kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, na inapohamishiwa kwenye fikra na hisia haishiki vizuri hivyo.

Ya pili ni TMS, yaani ya sumaku. Koili yenye umbo la nane huegeshwa kichwani na kutoa mipigo mifupi sana yenye nguvu inayozidi tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Sumaku hupita kwenye fuvu bila kuzuiwa na kuzalisha mkondo ndani ya ubongo, na mkondo huo unaziwasha seli kweli. Anthony Barker na wenzake ndio waliouonyesha uwezo huu mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1985: koili iliwekwa juu ya sehemu inayoendesha mkono, na misuli ya mkono ikaruka yenyewe. Hata leo mtaalamu huanza hivyo. Hutafuta nguvu ndogo kabisa inayotosha kurusha kidole gumba cha mhusika, kisha hupanga dozi yake kuanzia hapo.

Je, hii ndiyo ile "shoti" ya hospitali za magonjwa ya akili?

Hapana. Tiba ya shoti, iliyoanza Italia mwaka 1938, hukusudia kuzalisha mshtuko wa kifafa, na siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Mkondo wake ni mkubwa mara mamia kuliko wa tDCS. Kwenye tDCS na TMS mtu yuko macho, anaongea, na akimaliza anainuka na kwenda zake.

Ni sehemu gani za ubongo zinazohusika na hisia na kubahatisha?

Hakuna "kituo cha hisia" wala "kituo cha hatari", lakini kuna sehemu zinazotajwa kila mara. Amigdala, iliyozama ndani kabisa, hushtuka mapema penye tishio. Gamba (tabaka la nje la ubongo) la mbele la chini, lililo juu ya macho, hupima thamani: hiki kinanifaa kiasi gani, kile kitaniumiza kiasi gani. Gamba la mbele la pembeni, upande wa kushoto na wa kulia juu ya paji la uso, hushikilia lengo akilini na kuzuia pupa. Chini yake kidogo, hasa upande wa kulia, pana eneo linalofanya kazi kubwa mtu anapojaribu kuyaona mambo kwa namna nyingine.

tDCS na koili za kawaida za TMS hazifiki moja kwa moja kwenye amigdala, kwani nguvu yake huishia sentimita chache tu kutoka juu ya fuvu. Kwa hiyo karibu tafiti zote husisimua gamba la mbele na kutegemea kwamba athari itashuka kupitia nyuzi za neva. Ukisoma tangazo linalodai kifaa fulani "kinazima kituo cha woga", kumbuka aya hii.

## Hisia na maamuzi, kabla ya mashine kuingia

Kutawala hisia si sawa na kuzificha?

Si sawa, na tofauti hii ina uzito mkubwa. Mwanasaikolojia James Gross, mwaka 1998, alizipanga njia za kutawala hisia kwa kufuata wakati zinapoingia: unaweza kuchagua usiende mahali, kubadili hali iliyopo, kuelekeza macho na mawazo kwingine, kulitazama jambo upya, au mwishoni kabisa kuzuia hisia isionekane usoni.

Kulitazama jambo upya hupunguza hisia yenyewe. Kuificha hupunguza sura tu: mtu anakaza uso, huku mwili wake ukiendelea kuhangaika ndani, wakati mwingine kuliko asipoficha. Tena anayeficha hukumbuka kwa shida yale yaliyosemwa mbele yake, kwa sababu sehemu ya akili yake ilikuwa imeshikwa na kazi ya kuficha.

Wahenga walisema hasira hasara. Basi si bora kuzima hisia kabisa wakati wa kuamua?

Hili ndilo wazo linalopotosha watu wengi zaidi, na ndilo ninalotaka msomaji aondoke akiwa amelitilia shaka.

Mtaalamu wa neva Antonio Damasio na wenzake huko Iowa, Marekani, waliwachunguza wagonjwa walioharibika gamba la mbele la chini. Akili zao za darasani zilikuwa timamu: kumbukumbu nzuri, lugha nzuri, hesabu sawasawa. Lakini hisia zilikuwa zimepooza, na maisha yao yakawa yanabomoka kwa uamuzi mmoja mbaya baada ya mwingine, katika fedha, kazi na ndoa. Kwa nadharia ya kawaida, watu hawa wasio na hasira wala woga wangekuwa waamuzi bora kuliko sisi sote.

Mwaka 1994 kundi hilo lilichapisha mchezo wa karata unaoonyesha tatizo lao. Kuna mafungu manne. Mawili hulipa dola 100 za mchezo kwa kila karata, lakini katika kila karata 10 hukutoza jumla ya 1,250, kwa hiyo unatoka na hasara ya 250. Mawili mengine hulipa 50 tu, na katika karata 10 hutoza 250, kwa hiyo unatoka na faida ya 250. Mchezaji haambiwi lolote kati ya haya. Watu wenye ubongo mzima huanza kuyakwepa mafungu mabaya pole pole, na viganja vyao hutoa jasho dogo kabla ya kuyagusa, hata kabla hawajaweza kueleza kwa maneno kwa nini. Wagonjwa wale hawakutoa jasho hilo la tahadhari, na waliendelea kuchota kwenye mafungu ya hasara.

Jasho lile ni hisia, na ndilo lililowaokoa wenzao. Kuna wanaoipinga tafsiri ya Damasio katika mambo ya kina, lakini jambo la msingi limesimama: hisia hubeba habari, na anayeizima anapoteza habari hiyo pia. Hasira inayokufumba macho ni tatizo. Wasiwasi unaokufanya usome mkataba mara ya pili ni msaada.

Kwa nini kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha?

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jambo hili mwaka 1979, na mwaka 1992 walikadiria kwamba hasara huwa na uzito wa mara mbili na kidogo ukilinganisha na faida ya kiasi kile kile. Ndiyo maana wengi hukataa dau la kurusha sarafu ambalo wangeweza kupata 150 au kupoteza 100, ingawa kwa hesabu linafaa.

Uzito huo unabadilika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Peter Sokol-Hessner na wenzake waliwaambia washiriki wafikiri kama wafanyabiashara wa hisa: dau hili ni moja tu kati ya mengi. Uchungu wa hasara ulipungua katika uchaguzi wao na katika jasho la ngozi pia. Hakukuwa na umeme wala sumaku, ila sentensi chache za maelekezo.

Kubahatisha hupimwaje maabara?

Mbali na karata zilizoelezwa hapo juu, kipimo kinachotumika sana ni cha puto, kilichochapishwa na Carl Lejuez na wenzake mwaka 2002. Kwenye skrini pana puto dogo. Kila ukibonyeza, linajaa kidogo na senti kadhaa zinaingia kwenye akiba ya muda. Unaweza kusimama na kuhamishia akiba benki, au ubonyeze tena. Likipasuka, akiba ya puto hilo imekwenda. Katika toleo la kawaida puto linaweza kupasuka popote kati ya bonyezo la 1 na la 128, wastani ukiwa 64.

Watu wengi husimama mapema sana kabla ya 64. Maana yake ni kwamba, kwenye puto, mtu wa kawaida akiongeza kuthubutu anapata fedha zaidi. Kwenye karata ni kinyume: anayekimbilia malipo makubwa ndiye anayefilisika. Kwa hiyo ukisoma kwamba usisimuaji "umepunguza kubahatisha", usiruke kusema umeboresha uamuzi. Uliza kwanza ni mchezo gani.

## Utafiti umeonyesha nini

Je, ni kweli mashine inaweza kumfanya mtu abahatishe zaidi au kidogo?

Ndiyo, katika mazingira ya maabara na kwa kiasi. Mfano maarufu ni wa Daria Knoch na wenzake huko Zurich, mwaka 2006. Walituliza gamba la mbele la pembeni la kulia kwa sumaku ya mpigo mmoja kila sekunde, kwa dakika 15, kisha wakawapa vijana wa kiume wenye afya mchezo wa masanduku 6 ya rangi mbili. Waliotulizwa upande wa kulia walichagua dau lenye malipo makubwa na nafasi ndogo kuliko waliotulizwa upande wa kushoto au waliofanyiwa maigizo tu, yaani kikao cha uongo cha kulinganishia. Breki ya upande wa kulia ilikuwa imelegezwa.

Mwaka uliofuata Shirley Fecteau na wenzake walitumia tDCS pande zote mbili kwa pamoja, kwenye mchezo wa puto, na washiriki wakawa waangalifu zaidi. Cha kushangaza, haikujalisha anodi (elektrodi ya upande chanya) ilikuwa upande upi, na kusisimua upande mmoja peke yake hakukuleta tofauti. Baadaye, utafiti wa watu wenye umri mkubwa zaidi ulikuta mpangilio wa namna hiyo ukiongeza kubahatisha badala ya kupunguza.

Na kwenye kutawala hisia?

Kuna tafiti zinazoonyesha kwamba kuamsha gamba la mbele la pembeni kwa tDCS kunawasaidia watu kulitazama jambo upya wanapoonyeshwa picha za kuudhi. Nyingine, za Paolo Riva na wenzake, zilisisimua eneo la chini yake upande wa kulia na kukuta uchungu wa kutengwa na wenzako katika mchezo umepungua. Athari huonekana zaidi mtu anapokuwa kazini, yaani anapojitahidi kutawala hisia wakati mkondo unapita, kuliko anapokaa tu akiangalia dari. Mashine haimfanyii mtu kazi hiyo.

Mbona tafiti zinapingana?

Sababu ni nyingi, na hapa ndipo penye mambo.

Kwanza, umeme mwingi haufiki. Utafiti uliofanywa kwa kutumia maiti na kuchapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya mkondo unaopitishwa kichwani huishia kwenye ngozi, misuli na fuvu. Unene wa fuvu hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo miliampia 2 zako si miliampia 2 za jirani yako.

Pili, ubongo unaopokea una hali yake tayari. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford walisisimua gamba la mbele la pembeni la watu wanaoogopa hesabu na wasioziogopa. Waoga walijibu kwa kasi zaidi na homoni yao ya msongo ikashuka. Wasioogopa walizorota. Chumvi ile ile huikoleza mboga iliyopooza na kuiharibu iliyokwisha kukolea. Ukichukua makundi hayo mawili na kutafuta wastani, utaandika kwamba mashine haifanyi lolote, na utakuwa umekosea mara mbili.

Tatu, tafiti nyingi za zamani zilikuwa na watu wachache mno. Mwaka 2015 uchambuzi wa jumla (unaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi) wa Jared Horvath na wenzake ulidai kwamba kikao kimoja cha tDCS hakina athari ya kutegemewa kwenye fikra za watu wenye afya. Wengine waliupinga kwa namna ulivyochagua data. Nionavyo mimi, ubishi ule ulisaidia: ulilazimisha watu waongeze idadi ya washiriki na waandike mpango wa utafiti kabla ya kuanza.

"Maigizo" katika tafiti hizi ni nini?

Ni kikao cha uongo cha kulinganishia. Kwenye tDCS mkondo hupandishwa, hukaa sekunde 30 hivi, kisha hushushwa kimya kimya. Muwasho hutokea zaidi mwanzoni, kwa hiyo mtu huamini anaendelea kusisimuliwa. Kwenye TMS ni kazi ngumu zaidi, maana koili hugonga kwa sauti na ngozi ya kichwa huruka. Matumaini peke yake hutuliza watu, kwa hiyo utafiti usio na maigizo mazuri uusome kwa mashaka.

Athari hudumu muda gani?

Kikao kimoja ni dakika hadi saa. Michael Nitsche na Walter Paulus, huko Ujerumani, waliripoti mwaka 2001 kwamba dakika 13 za tDCS kwenye sehemu inayoendesha misuli zinaweza kuacha mabadiliko ya hadi dakika 90. Kwa tiba, vikao hurudiwa kwa wiki kadhaa (tazama swali la sonona hapa chini).

## Usalama

Mtu anahisi nini, na kuna madhara gani?

tDCS huwasha na kuchomachoma chini ya sponji, ngozi hubaki nyekundu kwa muda, na wengine huumwa kichwa kidogo. Sponji ikikauka au ikikaa vibaya inaweza kuunguza ngozi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyokusanya vikao zaidi ya 33,200, hayakukuta dhara kubwa lililosababishwa na tDCS ya kawaida. Vikao hivyo viliendeshwa na watu waliofunzwa, wakichuja nani aingie.

TMS hugonga kama kidole kinachodona kichwa mfululizo, na masikio lazima yazibwe. Hatari yake kubwa ni mshtuko wa kifafa. Ni nadra, lakini ndiyo sababu ya maswali mengi kabla ya kikao.

Nani asikubali kabla ya kuzungumza na daktari?

Mwenye kifafa au historia yake katika familia, mwenye chuma ndani ya kichwa, mwenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, mwenye kifaa cha mapigo ya moyo, mjamzito, aliyewahi kuwa na mania (hali ya kuchangamka kupita kiasi), na anayetumia dawa zinazorahisisha mshtuko wa kifafa. Pombe na kukosa usingizi pia vitajwe, hata kama inaonekana aibu kuvitaja.

Naweza kujiundia kifaa nyumbani kwa betri na nyaya?

Tafadhali usifanye hivyo. Mwaka 2016 watafiti wengi wa fani hii walitoa barua ya wazi katika jarida la Annals of Neurology wakiwaonya wanaojisisimua wenyewe: mkondo husambaa mbali na pale ulipokusudiwa, athari inaweza kudumu kuliko ilivyotarajiwa, na kunoa uwezo mmoja kunaweza kuupunguza mwingine. Ongeza yale ya Oxford hapo juu. Usiye na tatizo unaweza kuwa ndiwe utakayezorota, na uamuzi wako wa fedha wa jioni hiyo hautakuambia kwamba umebadilika.

## Hali maalumu

Sonona je? Si inatibiwa kwa TMS?

Ndiyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu TMS kwa sonona mwaka 2008. Kwa kawaida husisimuliwa gamba la mbele la pembeni la kushoto, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Kwa tDCS ushahidi umegawanyika. Utafiti mkubwa wa Andre Brunoni na wenzake nchini Brazil, wa mwaka 2017, haukuweza kuthibitisha kwamba tDCS inatosha kushika nafasi ya escitalopram, dawa ya sonona, na wagonjwa wawili wa kundi la tDCS walipata mania kwa mara ya kwanza. Mtu mwenye mania hutumia fedha na kujitupa kwenye hatari bila kujali, ndiyo maana historia ya mania imetajwa kwenye orodha ya juu.

Inaweza kumtibu mtu aliyeshikwa na kamari?

Inachunguzwa, lakini bado si tiba iliyothibitishwa. FDA iliruhusu TMS ya kusaidia kuacha sigara mwaka 2020, na hilo limeleta matumaini kwa uraibu mwingine. Kwa sasa mwenye tatizo hili aanze na ushauri nasaha wa kubadili fikra na tabia, na vizuizi vya fedha vilivyowekwa na mtu anayemwamini.

Kijana wangu hana subira na anapenda hatari. Nimpeleke?

Kupenda hatari katika ujana si ugonjwa. Gamba la mbele huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na ubongo unaokua unaweza kuipokea dozi ya mtu mzima kwa namna nyingine kabisa. Kama kuna ugonjwa uliotambuliwa na mtaalamu, huyo ndiye wa kuzungumza naye. Bila ugonjwa, hakuna sababu.

Mwajiri anaweza kuwataka wafanyakazi wavae kifaa ili waamue kwa utulivu?

Mtu anayeogopa kupoteza kazi hana uhuru wa kweli wa kukataa, kwa hiyo ridhaa yake ina kasoro tangu mwanzo. Tena mwajiri angechagua utulivu unaomfaa yeye. Muuzaji aliyepunguziwa woga wa hasara anaweza kuileta kampuni faida leo na kubeba lawama peke yake kesho.

Baba amewekewa elektrodi ndani ya ubongo kwa ugonjwa wa Parkinson, sasa anaamua harakaharaka. Kuna uhusiano?

Unaweza kuwepo. Elektrodi hizo mara nyingi huwekwa kwenye kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, na kiini hicho pia hushika breki pale chaguo mbili zinapovutana. Michael Frank na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba mashine ikiwa imewashwa, wagonjwa hawapunguzi mwendo penye uamuzi mgumu, tena huweza hata kuuharakisha. Baadhi ya dawa za Parkinson zinazoiga dopamini, kemikali ya ubongo, nazo zimehusishwa na kamari na ununuzi usiozuilika, kwa hiyo daktari atataka kujua dozi za dawa na pia mashine ilirekebishwa lini.

Usizime mashine wala kumkatia dawa mwenyewe. Andika ulichokiona na tarehe zake: alinunua nini, alisaini nini, alianza lini. Nenda naye kliniki na uyaseme mbele yake kwa heshima, kwa sababu mara nyingi mgonjwa mwenyewe haoni kwamba amebadilika, na mipangilio ya mashine inaweza kurekebishwa.